Watu wa Vitabuni Waliovuliwa Leso

Naibu wa mwalimu mkuu nilimpaka wino mweupe usoni mbele ya macho yake mwenyewe. Uso niliompaka ni ule wa ukutani, katika picha kubwa ya siku ya wageni waliyoitundika ofisini, lakini alivyoruka kitini ungedhani brashi imemgusa jicho. Wino ulikuwa wake. Ni kile kichupa kidogo cha kufutia makosa, chenye kibrashi ndani ya kifuniko, na kilikuwa pale pale mezani kwake karibu na kalamu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nakusafisha, mwalimu."

Nikapaka mara ya pili, maana ya kwanza ilibakisha pua.

Wallahi sikwenda pale kugombana. Nilikuwa nimeoga, nimevaa buibui langu la kutokea, nimesalimia tangu langoni. Ilikuwa mara yangu ya sita kufuata vitabu vyangu vitano vya hadithi, na kwa mara ya kwanza yule bwana alitoa ufunguo mfukoni, akafungua kabati la kioo, akanitolea kimoja. Alinipa kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa kitoto kichanga.

"Tazama tulivyokisafisha," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya furaha kweli. "Kilikuwa na uchafu, mama. Kimechorwachorwa kila ukurasa, sijui na watoto gani wa zamani. Nilikaa Jumamosi nzima nikifuta. Vyote vitano."

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza pana msichana aliyebeba mtungi. Mabegani mwake, palipokuwa na leso, pana doa jeupe lenye umbo la leso. Nikafunua wa pili. Doa. Wa tatu, doa, na pembeni mwa picha, palipokuwa na maandishi ya wino wa buluu, pamepakwa mstari mnene mweupe uliokauka na kupasuka kama chokaa ya ukuta mbovu.

Nikamwambia, taratibu kabisa, "Aliyechora hapa ni nyanyangu."

"Ah," akasema. "Basi pole. Lakini mama, kitabu ni kitabu. Hakichorwi."

Hapo ndipo nilipokiona kile kichupa.

*

Vitabu vile asili yake ni vya mjomba wangu mkubwa. Skuli yao ilikuwa ikitoa vya zamani ili kuweka vipya, naye akavibeba badala ya kuviacha vitupwe. Vilikuwa vyembamba, vimebanwa kwa pini mbili katikati, na pini zimeshika kutu. Picha zake zilichorwa kwa kalamu nyeusi, vivuli vyote ni mistari midogo midogo iliyopishana, na rangi ya ziada ilikuwa moja tu, ya chungwa. Hiyo rangi nayo haikukaa mahali pake. Ilitoka kidogo nje ya mstari, hivi kwamba kila mtu mle kitabuni ana kivuli cha chungwa upande wa kushoto, kana kwamba mchapaji alikuwa na haraka ya kwenda kula. Mimi nilikua nikiamini hiyo ndiyo roho yake mtu, inamfuata nyuma.

Vilikaa katika sanduku la nyanya, kule Magogoni, chini ya nguo zake za sikukuu, kwa hivyo vilinuka udi. Tukirudi madrasa jioni, kabla ya Magharibi, alivitoa. Tulikaa mkekani, mimi na binamu zangu, naye anasoma.

Sasa nyanya herufi hizi za skuli hakuzijua hata moja. Kurani aliisoma, na Kiswahili alikiandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri ambao majirani walikuja kuuomba wakitaka barua ya posa. Lakini ukimpa kitabu cha hadithi cha skuli, maneno yale kwake yalikuwa mapambo. Hakusema hajui. Alifungua, akaitazama picha, akaivuta karibu, akasoma.

"Haya. Huyu binti ametoka kwao, mtungi begani, kichwa wazi, na upepo wote huu. Hebu niletee kalamu."

Tukamletea kalamu ya buluu. Akamchorea leso, upindo na maua yote, akamfunika kichwa na mabega.

"Sasa anaweza kwenda."

Hivyo ndivyo alivyofanya kwa wote. Kila mwanamke aliyeingia katika vitabu vile mikono wazi alivishwa. Mwanamume aliyeonekana kifua wazi akaongezewa fulana. Na kulikuwa na nguruwe, katika kitabu cha pili, ameketi mlangoni pa nyumba kama mwenye nyumba. Nyanya alimtazama sana yule.

"Huyu kwangu haingii," akasema. Akamtia pembe. Akamtia ndevu. Akawa beberu. Beberu mnene asiye na shingo, lakini beberu, na alipofika kwenye sauti yake nyanya aliinua kidevu akalia kwa pua, nasi tukaanguka kwa kicheko.

Tatizo lilikuwa moja. Kwa kuwa hadithi aliitoa kichwani, leo ilikwenda hivi na kesho vile, na sisi tulikuwa mahakimu wakali. "Nyanya, jana hukusema hivyo!" Ikabidi aanze kuandika. Pembeni mwa kila picha aliweka mistari miwili mitatu, kwa herufi zake, nani kasema nini, ili hadithi isimkimbie. Basi ukitazama kwa makini, kitabu kilikuwa na hadithi mbili. Moja ilipigwa chapa chini ya picha. Nyingine ilipanda ubavuni kwa wino wa buluu, inatoka kulia kwenda kushoto.

Mimi sikujua kama ni mbili. Nilijua darasa la tatu, na nilijua kwa aibu.

Mwalimu alikuja na kitabu kile kile cha msichana na mtungi. Kile kile! Nilitaka kupasuka kwa furaha. Nikainua mkono kabla hajauliza swali. Akaniambia soma, nikasimama, na kitabu sikukitazama, kwa nini nikitazame? "Yule mwizi akamshika mkono, akasema nipe mtungi. Msichana akasema, mtungi wa mamangu huuchukui, akamvunjia kichwani."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akanitazama kama aliyepagawa. "Mwizi umemwona wapi wewe? Huyu ni babake!"

Na kweli. Kilichopigwa chapa kilisema msichana alikimbia bila kuangalia, akajikwaa, mtungi ukavunjika, babake akamkanya, akalia, na tangu siku ile akawa mtoto msikivu. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yao yote.

Nilirudi nyumbani nimefura. Buibui sikulivua. "Nyanya, yule si mwizi. Ni babake."

Akakitoa kitabu, akaitazama ile picha muda mrefu. "Babake? Na jicho hilo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi aliyeandika na aliyechora hawakuulizana," akasema, akakirudisha sandukuni.

Sikumwelewa siku ile. Nimekuja kumwelewa nikiwa na mtoto wangu mwenyewe. Mimi sikuenda chuo kikuu, nimeishia kidato cha nne, kazi yangu ni kuwapindia watu leso hapa Bombolulu kwa cherehani ya miguu. Lakini najua kusoma, na najua nani alinifunza. Hakuwa yule mwalimu. Ni mwanamke aliyenikalisha mbele ya picha na kunilazimisha nijiulize, huyu mtu ana jicho gani?

*

Siku hizi watu wote wanavililia vitabu hivyo. Fungua simu. Katika kikundi cha wazazi wa darasa la mwanangu hakupiti wiki bila mmoja kutuma picha ya jalada la zamani na vile vikaragosi vya machozi. "Utoto wetu!" "Mnakumbuka hiki?" "Watoto wa leo wamekosa mengi." Kisha mwingine anaongeza kuwa watoto wa leo hawasomi, ni simu tu, naye anaandika hayo kwenye simu.

Katika kikundi hicho hicho, mwaka jana, ilitumwa barua ya skuli. Kila mzazi alete kitabu kimoja cha hadithi chenye picha, tunatengeneza kona ya kusoma, watoto watasoma kila Ijumaa. Wengine walinunua vipya. Mimi nikapeleka vyote vitano. Kosa la kwanza ni langu, silikwepi. Nyanya alikuwa amekwisha kutuacha, sanduku nimelirithi mimi, na nilitaka kuonekana. Nilitaka mwalimu aseme, kumbe huyu mpinda leso kwao kulikuwa na vitabu. Nikavifunga kwa karatasi za kalenda kama tulivyofanya sisi, nikavipeleka mwenyewe.

Na nilitaka jambo jingine. Mwanangu alikuwa na miaka minne nyanya alipofariki. Uso hamkumbuki. Mikono haikumbuki. Ukimwuliza nyanya alikuwaje, anainua kidevu na kulia kwa pua kama beberu. Hicho ndicho alichobakiwa nacho. Nilifikiri, atakapojua kusoma vizuri atakaa na wenzake Ijumaa, afike kwenye ule ukurasa, awaambie, ndevu hizi alizichora nyanya yetu.

Ikaja siku ya wageni. Sisi wazazi tulikaa nyuma, chini ya turubai. Watoto wa gredi ya pili wakapangwa mstari, kila mmoja na kitabu kifuani, jalada nje, vyangu vimekwisha kuvuliwa karatasi za kalenda. Mgeni mkubwa, mzee mwenye koti la suti katika joto lile, akapita mbele yao, akafika kwa mwanangu, akasimama. Akakichukua kitabu changu. Akaomba kipaza sauti.

"Hiki!" akasema. "Hiki ndicho tulichosoma sisi! Enzi zile mtoto alikuwa mtoto na kitabu kilikuwa kitabu!"

Sauti ilimkatika. Akatoa leso ya mfukoni akajifuta macho, watu wakapiga makofi, nami nilipiga, mjinga mimi. Nililia na mimi kidogo. Akapigwa picha akiwa amekishika pamoja na mwanangu, na naibu wa mwalimu mkuu yuko kati yao anacheka hadi magego.

Nyumbani nikamwuliza mtoto, "Mlisoma?"

"Hapana, mama. Tulishika tu. Mwalimu alisema tusifungue, vitakunjika. Halafu wakavikusanya."

"Ijumaa mtasoma."

"Inshallah," akasema, kama mtu mzima.

Ijumaa hawakusoma. Wala iliyofuata. Vitabu viliingia katika kabati la kioo ofisini, likatiwa kufuli, na hapo vikaanza kazi yao mpya, kutazamwa na wageni. Mwanangu akipelekwa ofisini na daftari za darasa alivipitia pale. "Mama, nimekiona chetu leo. Kiko cha pili kutoka juu." Kama anayemzungumzia mtu aliye hospitali. Kila baada ya siku chache swali ni lile lile. "Mama, beberu bado ana ndevu?"

"Anazo."

"Umeziona?"

Nikaenda. Nikaambiwa mwenye ufunguo hayupo, njoo Jumatano. Jumatano nikaambiwa kuna mtihani. Nikaambiwa mama, kuwa na subira, vitabu viko salama. Nikaambiwa watoto wa sasa wana mikono michafu. Mara ya tano niliambiwa kuwa nikishatoa kitu kwa skuli ni cha skuli, nami nikauliza, basi skuli ni nani, si watoto? Bwana yule akacheka kwa upole. Huyo hajapata kunipandishia sauti hata siku moja. Ni mtu wa pwani hii hii, anaongea polepole, anakuuliza hali ya watu wa nyumbani mmoja mmoja, na ukitoka pale ndipo unagundua hukupewa kitu.

Mume wangu akasema, "Achana nao. Nitamnunulia vingine."

"Beberu utamnunua wapi?"

Na mara ya sita ndiyo hiyo niliyokwisha kueleza.

*

Baada ya kumpaka, nilikichomoa kitabu cha pili katika kabati lililobaki wazi, nikakipekua kwa haraka, maana nilijua wataninyang'anya. Nikamfikia. Pembe hazipo. Ndevu hazipo. Nguruwe amerudi kuwa nguruwe, ameketi mlangoni, na ukungu mweupe kidevuni kama aliyekunywa maziwa. Mwanangu akifungua ukurasa ule atasema mama umenidanganya.

Askari wa langoni akaitwa. Mwalimu mkuu akaitwa. Nikasimama pale nimekamata kile kichupa mpaka wakakibandua vidoleni. Ukutani naibu hana uso, na mwanangu kando yake anatabasamu na kitabu kifuani.

Mwalimu mkuu, mama wa makamo, aliitazama picha, akanitazama mimi. Nadhani alitaka kucheka, akajizuia. "Utaandika barua ya kuomba radhi," akasema. "Mpaka tuipate, hakuna kitabu kitakachotoka."

"Na yeye ataniandikia?"

"Yeye alikuwa akivihifadhi."

Ndipo naibu akazungumza. Alikuwa amekaa, amekishika kile cha msichana na mtungi, anakilainisha jalada kwa kiganja. "Mimi kitabu hiki nilikisoma nikiwa darasa la nne," akasema. "Nilikunja pembe ya ukurasa, huu hapa wa saba. Nikachapwa viboko vinne mbele ya wenzangu. Sijakunja kitabu tena maishani."

"Na mimi ndiye niliyekuchapa?"

Akaendelea kulilainisha jalada. Nami, nikiwa na hasira zangu zote, nilimwona. Anakikumbuka kitabu na anaikumbuka fimbo, na hajui kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi, basi ameamua kuvihifadhi vyote viwili kabatini. Yule mzee wa kipaza sauti naye pengine ni hivyo hivyo. Wanalia machozi ya kweli. Lakini wakimaliza kulia funguo zinarudi mfukoni, na mtoto anayesimama mbele ya kioo hawamwoni. Nilimwonea huruma kama hatua mbili hivi, kutoka mezani kwake hadi mlangoni. Nikatoka.

Barua ya radhi sikuandika. Siku mbili nilishona vibaya, nikatoboa leso ya mtu, nikaacha cherehani, nikachukua daftari la mwanangu nikaandika malalamiko. Kurasa sita. Nikayapeleka ofisi ya elimu, nikangoja kwenye benchi mpaka nikaitwa dirishani.

Karani alikuwa mwanamke wa rika la mamangu, miwani imemshuka puani. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Akafunua wa tatu, akacheka, nikajua amefika kwa nguruwe.

"Mwanangu, hii ni barua au hadithi?"

"Vyote."

"Hadithi hapa hazina faili. Andika nani, kitu gani, wataka nini. Ukurasa mmoja." Akanisukumia karatasi na kalamu. Kalamu ilikuwa ya buluu.

Nikarudi benchini. Nyanya nikambakizia mistari miwili. Mkeka nikautoa, na udi, na darasa la tatu, na mzee wa suti. Kila nilichokitoa kiliniuma, ndiyo maana nimeviandika hapa. Nilipomrudishia, karani alisoma yote, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Na hili la kumpaka mwalimu? Hujalazimika kulisema."

"Liache. Nilimpaka."

Akagonga muhuri kwenye nakala yake na kwenye yangu. Jina langu na la skuli yamo mle, hapa siyataji. Mengine yako kama yalivyo:

Kwa Afisa wa Elimu.

MINT: VITABU VITANO VYA HADITHI VILIVYOFUNGIWA KABATINI NA KUFUTWA

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa gredi ya pili. Mwaka jana skuli iliomba vitabu vya hadithi vyenye picha ili watoto wasome kila Ijumaa. Nilipeleka vitano. Watoto walivishika siku ya wageni na hawakuruhusiwa kuvifungua. Tangu siku hiyo vimefungiwa katika kabati la ofisi na hakuna mtoto aliyevisoma.

Vitabu hivyo vilikuwa na michoro na maandishi ya mkono ya marehemu nyanyangu. Naibu wa mwalimu mkuu ameyafunika kwa wino mweupe bila kuniuliza. Anasema alivisafisha. Havikuwa vichafu.

Nilipoona hayo nilimpaka naibu wino huo huo katika picha iliyo ukutani mwa ofisi. Hilo ni kweli na silikani. Picha hiyo wanaweza kuchapisha nyingine. Michoro ya nyanyangu hakuna wa kuichora tena.

Naomba mambo mawili. Kwanza, nirudishiwe vitabu vyangu vitano jinsi vilivyo sasa, bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Wino mweupe nitaukwangua mwenyewe kwa wembe, pamoja na binti yangu, tuone kilichosalia chini yake. Pili, kabati lifunguliwe na vitabu vya wazazi wengine vitolewe, watoto wavisome kwa mikono yao kama tulivyoahidiwa, hata vikikunjika.

Barua ya kuomba radhi niliyotakiwa kuandika sitaiandika. Jibu la barua hii naomba liwe vitabu vyenyewe.

Mzazi.